Fundi Saa na Tapeti za Mtaliano

Katika chumba chetu cha kulia hapajawahi kuliwa hata kipande cha mkate. Mahali ambapo watu wengine huweka meza na viti, sisi tumeweka pikipiki, na si ile pikipiki ya kumfikisha mtu sokoni na kumrudisha. Ni ya Kiitaliano, nyekundu, nzito, ya zamani, na silinda zake mbili zimechomoza kushoto na kulia chini ya tangi kama mtu aliyeshika kiuno akingojea ugomvi. Kiumri anampita binti yetu, na binti yetu sasa ana watoto wake. Nyumbani tunamwita Mtaliano. Wapita njia wakichungulia dirishani na kuniona namfuta vumbi hudhani nimeletewa mke mwenza nikanyamaza. Mke mwenza angepika siku moja moja.

Mume wangu ni fundi saa, na mtaa mzima haumjui kwa jina jingine ila hilo, Fundi Saa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mtaliano alimnunua kabla hajanioa, kutoka kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akamleta nyumbani akiwa vipande vipande ndani ya magunia. Kwa hiyo nilipomkubali mume nilimkubali na magunia yake. Akamuunga mwenyewe, Mtaliano akasimama, injini ikalia, na tangu siku hiyo anavuja oili. Si nyingi, ni matone tu, lakini hayakomi. Chini yake limewekwa sinia langu la harusi, lile la maua, ambalo Fundi aliliazima kwa siku mbili na mpaka leo hajalirudisha.

Mtu ataniuliza, Mwalimu, sasa unavumilia nini? Nitasema wazi, maana sina haja ya kuficha. Navumilia kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili asubuhi Mtaliano husukumwa nje kwa mlango wa mbele, ambao ulipanuliwa kwa ajili yake huku dirisha la jikoni nililoomba mimi likiendelea kungojea. Fundi anapiga stata, mimi napanda nyuma, na tunapanda mlima mpaka kwenye tangi la maji la mji. Sasa muelewe, mume wangu si mtu wa kushikana mikono njiani. Ukimshika mkono mbele za watu anautazama kama kitu alichookota. Lakini juu ya pikipiki hana la kufanya: mke ashike kiuno au aanguke. Nami nimemshika kiuno kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, mbele ya mtaa mzima, bila kuomba ruhusa ya mtu. Huko juu tunakaa kwenye kiukuta, tunatafuna karanga na kubishana lipi ni paa letu. Hiyo ndiyo starehe yangu. Anayetaka kunijua vizuri anigusie Jumapili yangu.

Na mwaka huu ikaguswa.

Ili muelewe ilivyoguswa, lazima niwaambie jinsi Fundi anavyofanya kazi. Yeye hatengenezi kwa macho, anatengeneza kwa masikio. Ukimletea saa, hafungui kwanza. Anaiweka sikioni, anainamisha kichwa, anafumba macho, kisha anakuambia ugonjwa wake. Na Mtaliano anamtibu hivyo hivyo. Kila baada ya muda injini ile inahitaji kupangwa tapeti, yaani vile vidude vilivyo chini ya vifuniko vya silinda, vinavyogonga valvu ili zifunguke. Kati ya tapeti na valvu lazima pawe na upenyo, mdogo sana. Ukiubana mno, valvu zinaungua. Ukiuachia mno, injini inapiga makelele na nguvu zinapotea. Mafundi wengine wote hupima upenyo huo kwa fila, kijibati chembamba ambacho kinatakiwa kipite hapo katikati kwa shida kidogo. Fundi wangu anaichezesha tapeti kwa kidole na kusikiliza: tk. Akiiridhia hiyo tk, anakaza nati.

"Fila ni ya wasio na masikio," husema.

Fila anayo. Aliipata pamoja na magunia, akaifanya ya kukwangulia rangi madirishani.

Basi mwaka huu mlima ukaanza kutushinda. Jumapili ya kwanza Mtaliano alikohoa kwenye kona ya mwisho, Fundi akalaumu petroli, eti siku hizi tunauziwa maji. Jumapili nyingine akabadilisha plagi. Kisha akafungua kabureta na kuioshea kwenye beseni langu la vyombo, nami nikasema ya kusema, akaninunulia jingine. Haikusaidia kitu. Mwishowe tukasimama kabisa katikati ya mlima, injini ikitetemeka, Fundi akageuka akanitazama kuanzia juu mpaka chini, polepole, kwa jicho la mtu anayekisia uzito wa gunia.

"Mke wangu," akasema, "hivi siku hizi shuleni mnakula nini?"

Nikashuka. Nikaushika mlima kwa miguu kuelekea chini, mkoba kwapani, na Fundi akawa ananifuata na Mtaliano taratibu, anaomba radhi kwa sauti, injini nayo inagonga kama mtu anayehama na sufuria zake zote. Watu wakatoka majumbani kuangalia. Niliaibika mpaka masikio yakawaka moto.

Kuanzia hapo kila jioni Mtaliano alikuwa wazi. Fundi alikuwa amechuchumaa kando yake, kichwa kimeinama, kidole kwenye tapeti, akisema Mtaliano amepoteza sauti. Zamani alikuwa anaongea, sasa amekuwa bubu. Anafungua, anachezesha, anakaza, anampiga stata, anatikisa kichwa, anazima. Na mimi nikiwa jikoni nasikia makelele yasiyokwisha, nikawaza tu kwamba wanaume wana namna zao za kuita kitu bubu.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, muuguzi, ambaye sote tunamwita Nesi. Huyu anafanya zamu za usiku na kulala mchana, au alikuwa analala mchana kabla ya mambo haya. Alikuja akiwa na kanga ya kulalia na macho mekundu.

"Mwalimu, Mtaliano anaumwa?"

"Mzee anasema amepoteza sauti."

"Amepoteza sauti?" Nesi akajishika kifua. "Huyu anayenitikisia vikombe kabatini?"

"Ndivyo anavyosema."

Akanitazama kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, mzee hasikii."

Nikapandwa na hasira, maana hilo ni jambo la kumwambia mtu mlangoni kwake? "Mume wangu ananisikia vizuri kabisa," nikasema. "Kila neno."

"Wewe, Mwalimu," Nesi akasema, kwa ule upole wanaoutumia wauguzi kabla ya kuchoma sindano, "wewe hata mochwari wanakusikia."

Ni kweli kwamba nimefundisha miaka thelathini, madarasa yaliyojaa mpaka mlangoni, na hesabu lazima imfikie mtoto wa dawati la mwisho. Kunong'ona sijui. Siri zangu zote mtaa unazo. Yaani kumbe katika dunia nzima mtu ambaye angechelewa kuliko wote kugundua kwamba mume wangu hasikii ni mimi.

Jioni ile ile nikamjaribu. Alikuwa mezani pake, lenzi jichoni, saa ya mtu mbele yake. Nikasimama nyuma yake, nikaishusha sauti kwa taabu kubwa.

"Fundi, nimeunguza shati lako jipya kwa pasi."

Akaendelea na kazi.

"Sinia langu nimelichukua. Oili inamwagika sakafuni."

Akapuliza vumbi kwenye saa.

"Fundi, nimemuuza Mtaliano kwa vyuma chakavu."

Alikuwa anapiga mluzi. Nilitaka kucheka, lakini sikucheka. Nikavuta kiti nikakaa.

Ndipo nikaanza kukumbuka. Mwenye bucha alikuja na saa yake ya mkono, Fundi akaiweka sikioni, akatikisa kichwa, akamwambia pole, imekufa. Mwenye bucha akaiweka sikioni kwake, akasema mbona inatembea. Fundi akamwambia hayo ni mapigo ya moyo wako, punguza nyama. Nilicheka siku ile. Sasa nikapiga hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Mtu anayepanga tapeti mpaka asikie tk, halafu masikio yakapungua, atafanyaje? Ataongeza upenyo mpaka aisikie. Yakizidi kupungua, atazidi kuongeza. Upenyo ukiongezeka injini inakosa nguvu, na ikikosa nguvu haipandi mlima. Halafu mtu anaulizwa shuleni anakula nini!

Nikamwendea moja kwa moja.

"Fundi, kesho twende hospitali ukapimwe masikio."

"Masikio ya nani?"

"Yako."

"Kwani wewe hunisikii nikikujibu? Kila unachosema nakisikia."

"Mimi kila mtu ananisikia!"

"Basi tatizo liko wapi?"

Mtu wa namna hiyo utamshinda kwa lipi? Nikamweleza habari ya tapeti, nikamchorea hata mchoro. Hakuutazama. Akavua lenzi, akaifuta, akasema bila kupandisha sauti, "Mke wangu, masikio haya ndiyo yaliyojenga nyumba hii. Usiyaseme vibaya." Akaondoka kwenda kulala na taa tukiwa hatujaiwasha.

Kesho yake akatangaza hukumu. Mtaliano amekufa, na amefia mikononi mwake. Amezungumza na daktari wa meno wa pale barabarani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimmezea mate Mtaliano kila anapopita. Atakuja Jumapili amchukue, amtafutie fundi mwenye mikono.

"Mimi mikono imeniisha," akasema, na akawa anaifuta kwa kitambaa, ingawa haikuwa na kitu.

Ningependa kusema kwamba kwanza nilimhurumia. Kwanza nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikavunja sahani. Mtu huyu yuko tayari kumzika mgonjwa aliye hai kuliko kukubali kwamba sikio limezeeka, na katika jeneza hilo hilo anazika Jumapili zangu! Huruma ilikuja baadaye, nikifagia vipande vya sahani. Nilielewa anachoogopa. Fundi saa asiyesikia saa ni nani? Lakini kumbembeleza hakubembelezeki, na kumwambia haambiliki. Ilibaki kufanya.

Jumamosi akaenda dukani kwake. Mimi nikamwita Nesi.

"Tunafanya upasuaji," nikamwambia.

Akarudi na glavu za hospitali, jozi mbili. Mtaliano alikuwa amepoa, kama inavyotakiwa. Mimi hiyo kazi nimeishikia tochi miaka yote ya ndoa yangu, na kipimo cha fila Fundi alikuwa akikitaja kila mara, kwa dharau, na mimi namba ikishaingia haitoki. Nikaikwangua fila yenyewe rangi ya madirisha. Nikafungua kifuniko cha kushoto, oili ikanimwagikia mapajani, Nesi akasema pole bila kucheka, jambo ambalo sitalisahau.

"Zungusha gurudumu la nyuma," nikamwambia. "Polepole. Mpaka tapeti zote mbili za upande huu zilegee."

"Hapo?"

"Rudi kidogo. Hapo! Spana."

"Spana."

"Bisibisi."

"Bisibisi. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikaipenyeza fila kwenye tapeti ya kwanza. Haikugusa popote. Pale ningeweza kupenyeza jalada la daftari. Nikakaza skrubu kidogo, nikaivuta fila, nikakaza tena, mpaka ikawa inapita huku inashikwa, kama karatasi ya mtihani unayomnyang'anya mtoto ambaye hajamaliza kuandika. Nikafunga nati. Tukaenda ya pili, tukahamia kulia. Pale kulia mgongo ulikuwa umeniuma na nikaharakisha kidogo.

Nilipotaka kufunga vifuniko, Nesi akanizuia mkono.

"Kwetu hatumfungi mgonjwa kabla ya kuhesabu vifaa."

Tukahesabu. Boliti moja haikuwepo. Tulitambaa sakafuni wanawake wazima wawili, tukasogeza kabati, tukatikisa mikeka, mpaka nilipoingiza mkono ndani ya oili kwenye sinia langu la harusi na kuikuta. Tukafunga. Tukapiga deki. Tukachoma udi kuondoa harufu.

Fundi aliporudi akasimama mlangoni akinusa. Pua yake haina kasoro.

"Kuna nini humu?"

"Ni maandalizi ya mgeni wa kesho," nikasema.

Akaenda akamshika Mtaliano tangi, akakaa naye hapo muda mrefu, na mimi nikajitia kuchambua mchele.

Jumapili daktari wa meno akafika na kofia mpya ya pikipiki, bado ina karatasi ya bei. Nesi naye akaja, hakulala, eti kuazima chumvi, akakaa kibarazani na kijiko mkononi. Fundi akamsukuma Mtaliano nje, akapiga stata. Injini ikashika mara moja. Ikanguruma chini chini, sawasawa, na juu ya mngurumo ule nikazisikia tapeti zikiongea, kwa adabu, kila moja kwa zamu yake. Mwili ukanisisimka. Nikamtazama Fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, anangoja. Hakikumfikia chochote.

"Unasikia?" akamwambia daktari. "Kimya. Zamani ungesikia tapeti."

"Nazisikia, mzee."

"Huzisikii."

"Mzee, nazisikia kabisa. Injini nzima hii!"

Fundi akakunja uso. "Daktari, mimi ni mtu mzima, sitaki kukuuzia maiti. Hana nguvu."

"Mbona inanguruma vizuri hivi?"

"Ni mbovu, nimekwambia."

"Hata sipunguzi bei, mzee. Nachukua kama ilivyo."

"Hapana, punguza! Utakuja kunilaani."

"Basi naongeza!"

"Utaongezaje kwenye kitu kibovu? Wewe hata meno unayang'oa hivi hivi?"

Nimezunguka masoko mengi, lakini mnunuzi na muuzaji waliogombana namna hiyo sijawaona tena. Nesi alikuwa ameficha uso kwa mikono, mabega yanamtingishika. Nikaona nisipoingilia kati, Mtaliano atatoka pale kwa hasira tu. Nikachukua kofia yangu.

"Kabla hajaenda," nikamwambia Fundi, "nipandishe juu mara moja. Ya mwisho."

"Hatafika."

"Asipofika tutamsukuma."

Akanitazama. Nadhani aliona machozi, na yalikuwepo kweli, ya kuigiza nusu na ya kweli nusu. Akakaa kwenye kiti, akasogea mbele, nami nikapanda nyuma.

Mjini tulipita taratibu. Nilimshika kiuno kwa nguvu kuliko siku zote, maana kama nilikuwa nimekosea hesabu, ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Mlima ukaanza. Kwenye kona ya kwanza Fundi akajiandaa kushusha gia, kama alivyozoea, mkono ukaenda kwenye klachi, ukasita, ukarudi. Mtaliano alikuwa anavuta. Kona ya pili, anavuta. Nikahisi mgongo wa mume wangu ukinyooka chini ya mikono yangu, kidogo kidogo. Kwenye kona ya mwisho, ile ya aibu yangu, hakushusha gia. Aliongeza. Nikapiga kelele ya furaha, na naamini hata hiyo aliisikia.

Kule juu hakwenda kwenye kiukuta. Akamsimamisha Mtaliano bila kuzima, akavua kofia, akachuchumaa kando ya silinda ya kushoto.

"Nani amemgusa?"

"Mimi."

"Ulitumia nini?"

"Fila."

Akanitazama kana kwamba nimesema shoka.

"Upenyo ulikuwaje?"

Ningeweza kudanganya. "Ulikuwa mkubwa," nikasema. "Zote nne."

Akainamisha sikio kwenye kifuniko. Akasogea, akasogea tena, mpaka nikaogopa ataungua, nikamshika bega. Hakugeuka.

"Anaongea?"

"Anaongea, Fundi."

"Hivi sasa?"

"Hivi sasa."

Akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. "Kumbe si yeye," akasema.

"Si yeye."

"Watu wanajua?"

"Mwenye bucha anajua. Nesi anajua. Daktari wa meno kama hakujua, umeshamjulisha."

Hakucheka. "Fundi saa asiyesikia saa," akasema. "Sasa mimi ni wa nini?"

Nilikuwa na maneno mazuri ya kumwambia, niliyaandaa tangu Jumamosi. Yote yakanitoka kichwani. Nikaichukua kofia yake nikaipangusa vumbi. Mtaliano akaendelea kunguruma katikati yetu.

Mwishowe akauliza, "Analiaje?"

"Vizuri."

"Vizuri si mlio, Mwalimu. Analiaje?"

Basi mimi, mwalimu mkuu msaidizi, na gauni langu la Jumapili, nikachuchumaa mbele ya injini, nikasikiliza, nikafungua mdomo: "Tk-tk-tk-tk-tk-tk."

Kulikuwa na watu wengine waliokuja kuutazama mji. Wakaacha kuutazama mji.

"Hiyo ni ya wapi?" Fundi akauliza. "Unanichanganyia. Nataka upande mmoja mmoja."

Nikasogea kushoto. "Tk-tk. Tk-tk. Tk-tk."

"Sawa. Kulia."

Nikazunguka kulia, nikainama. "Tk-tuk. Tk-tuk. Tk-tuk."

Akainua kidole. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, vile vile anavyokaa mezani pake, ila safari hii sikio lilikuwa limeelekezwa mdomoni kwangu.

"Ya pili imelegea."

"Haijalegea."

"Rudia."

Nikarudia. Na nilipojisikia mwenyewe, nikaijua. Ilikuwa imelegea, kwa unywele tu. Masikio yangu yenye uzima wote yaliipitisha bila kuishuku, na yeye aliyekaa chini bila kusikia hata injini yenyewe ameikamata.

"Ulikaza nati bila kuipima mara ya pili," akasema. "Nati ikikazwa inasogeza skrubu. Ulikuwa na haraka gani?"

"Mgongo uliniuma!"

"Tapeti haijui habari za mgongo." Akanipa mkono nimwinue. Alipokwisha simama hakuuachia. Aliushika pale pale, mbele ya wale watu wote, na mkono wangu una oili ya jana kwenye kucha. "Jioni tutaifungua tena. Mimi nitashika fila, na wewe utakuwa unasikiliza na kuniambia."

"Daktari anatungoja nyumbani na kofia yake," nikamkumbusha.

"Mwambie hauzwi."

"Mpigie umwambie mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwita."

Akamtazama Mtaliano, akatazama mji kule chini, kisha akanitazama mimi.

"Mpigie wewe," akasema. "Mimi kwenye simu sisikii kitu. Huu mwaka wa pili nasingizia mtandao."

Nikatoa simu nikampigia.